Pikipiki inagoma uwanjani: dalili na vyanzo vyake, kwa anayejiandaa kutoka Lubumbashi

Pikipiki inayokupeleka Ruashi na kukurudisha Kamalondo kila siku bila kelele inaweza kukusaliti ndani ya dakika kumi za kwanza kwenye uwanja wa mbio, na mara nyingi haitakuwa imeharibikia hapo. Ubovu ulikuwamo tangu nyumbani. Mjini haukuonekana kwa sababu unagusa breki kidogo kisha zinapoa, injini inapanda kisha msongamano unaishusha, na matairi hayapati hata uvuguvugu. Uwanjani hakuna kinachopewa nafasi ya kupoa. Kipindi kimoja huwa cha dakika 15 hadi 20, na muda wote huo unakamata breki kwa nguvu, unalaza pikipiki, unafungua mafuta mpaka mwisho, halafu unaanza tena.

Basi kabla hujashika kle, jiulize hivi: tatizo lilianza pikipiki ikiwa baridi, au lilingoja ipate joto? Kama lilingoja, ilikuwa baada ya mizunguko mingapi? Usipokuwa na jibu, fundi atabadilisha piesi kwa kubahatisha na wewe utalipa. Chukua daftari dogo na kalamu, uandike kila unapotoka uwanjani.

Maelezo haya yanawahusu watu wawili. Wa kwanza ana pikipiki ya michezo ya cc 600 au 1000 na anaipakia kwenye gari kupitia mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusini, tuseme Kyalami iliyo kati ya Johannesburg na Pretoria, au Zwartkops ya Pretoria. Wa pili ana TVS au Boxer ya 125 au 150 na anaanza na wenzake kwenye eneo la lami lililofungwa, kona zikiwa zimepangwa kwa koni. Pale wanapotofautiana tutasema. Barabara ya Kasumbalesa siyo ya mazoezi kwa yeyote kati yao, hata alfajiri: malori ya madini hayana pa kukukwepea.

Umekataliwa ukaguzini

Hasara hii inauma kuliko zote, maana umesafiri, umelipa, na huingii. Sababu zake ni chache na zote zinaonekana nyumbani.

Mkono wa mafuta ndio wa kwanza. Ufungue mpaka mwisho kisha uachie. Lazima ujifunge wenyewe kwa mlio wa “tak”, usukani ukiwa katikati, ukiwa umekatwa wote kushoto, na ukiwa umekatwa wote kulia. Ukirudi polepole, kebo imekauka au imepitishwa vibaya, au raba ya mkono imesukumwa ndani mpaka inasugua. Kwetu, kikiisha kiangazi, vumbi jekundu limeshaingia ndani ya kebo na kuwa kama msasa. Ifungue, isafishe kwa mafuta ya taa, ikauke, tia oili nyepesi. Usipake grisi, kwa sababu grisi na vumbi hugeuka gundi.

Pili, oili inayovuja. Ukiona unyevu chini ya injini lakini hujui unatoka wapi, osha pikipiki, ikauke, pulizia poda ya mtoto sehemu yote hiyo, kisha endesha kilomita 10. Mstari mweusi kwenye poda utakuonyesha mahali penyewe. Kwenye furshi, yaani uma wa mbele, pitisha kidole juu ya bomba linalong’aa: ukipata pete ya mafuta, jointi za spi, zile raba za kuzuia mafuta, zimechoka. Wakati mwingine ni mchanga tu uliokwama chini ya mdomo wa spi, na kipande cha plastiki laini kikizungushwa mle kinautoa. Jaribu hilo kwanza, lakini ikivuja tena baada ya siku mbili, badilisha, maana mafuta ya furshi yakishuka yanaishia kwenye diski ya breki.

Tatu ni mavazi. Kofia ngumu, yaani kasike, iwe na alama ya ECE 22.05 au 22.06 iliyoshonwa kwenye kamba yake, na isiwe imewahi kuanguka na kichwa ndani. Suti iwe ya ngozi, kipande kimoja, au vipande viwili vinavyofungwa zipu kuzunguka kiuno chote. Glavu zifunike kifundo cha mkono, buti zifunike kifundo cha mguu, na kinga ya mgongo iwe ya EN 1621-2, daraja la 2. Jaketi la jinzi na raba za michezo hazikubaliki popote penye uongozi wa maana.

Vioo vinatolewa, taa zinafunikwa kwa utepe ili zikivunjika vigae visimwagike kwenye lami. Kitufe cha kuzima injini lazima kifanye kazi. Vingi vya hapa mjini vilishakatwa waya siku nyingi. Waya wa usalama kwenye bulo ya vidanji (ya kumwagia oili) hudaiwa zaidi kwenye mashindano kuliko siku za mazoezi, lakini bulo yenyewe ikazwe kwa kle ya kipimo kwa thamani iliyo kwenye kitabu cha pikipiki. Nyingi ni kati ya Nm 20 na 30, na fundi anayetumia nguvu za bega huvuka hapo bila kujua.

Breki: mkono unazama, au hauzami na pikipiki haisimami

Hapa ndipo pa kutumia muda wako wote kama muda ni mfupi. Watu husema “breki zimekwisha” kwa mambo matano tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Mkono ukiwa laini tangu asubuhi, pikipiki haijatembea, hiyo ni hewa kwenye mpira wa mafuta ya breki. Pampu mara nne haraka: ukiwa mgumu kisha ukalegea tena ukiuacha, umethibitisha. Hewa hupenda kukaa sehemu ya juu kabisa, kwenye bulo inayounganisha mpira na pompu iliyo kwenye usukani, na watu wengi hupurji (hutoa hewa) chini kwenye etriye, kile chombo kinachobana diski, wakaiacha pale juu. Purji chini kwanza, kisha legeza bulo ya juu kidogo huku mkono umebanwa, ukaze kabla hujauachia. Funika tangi kwa kitambaa chenye maji, kwani mafuta ya breki hula rangi. Ikibaki laini kidogo, kata usukani ili pompu iwe juu kuliko vyote, funga mkono wa breki kwa kamba ukiwa umebanwa, na uache mpaka asubuhi. Viputo vidogo hupanda vyenyewe.

Mkono ukiwa mgumu asubuhi, ukaanza kusogea kuelekea usukani kwenye mzunguko wa nne au wa tano, kisha ukarudi kuwa mzuri baada ya nusu saa ya kupumzika, hiyo siyo hewa ya kawaida. Mafuta ya breki yamechemka. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, na msimu wetu wa mvua una unyevu wa kutosha kuyaharibu yakiwa kwenye pikipiki inayolala nje. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230; ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. DOT 5.1 ni 260 na 180, na inachanganyika na DOT 4 bila shida. DOT 5 yenyewe ni ya silikoni: isiingie kabisa kwenye mfumo wa DOT 4, hata kama muuzaji anasema namba kubwa ndiyo bora. Mjini etriye haifiki joto la kuchemsha kitu, na ndiyo maana mafuta ya miaka mitatu yanaonekana mazima.

Dawa ni kubadilisha yote wiki moja kabla ya safari. Chupa ya mililita 500 inatosha mbele na nyuma. Nunua iliyofungwa kwa kizibo chake cha ndani, na inayobaki usiihifadhi kwa ajili ya mwakani. Ikikutokea uwanjani, inua mkono, toka, usijaribu kumaliza kipindi. Mafuta yaliyochemka mara moja hayarudii hali yake. Yakipoa mkono utakudanganya kwamba umepona.

Mkono mgumu kama jiwe lakini pikipiki inateleza kwenda mbele: tazama plakete (pedi za breki). Uso ukiwa unang’aa kama kioo, zimepikwa. Zisugue kwa msasa namba 120 uliolazwa juu ya kioo au bamba lililonyooka, mpaka mng’ao uishe. Zikiwa zimelowa mafuta ya furshi au ya cheni, zitupe. Kuchoma plakete kwa moto wa gesi ili “kutoa mafuta” kunadhoofisha gundi inayoshikilia kitambaa cha msuguano kwenye chuma, na kitambaa kikibanduka kwenye breki ya kwanza nzito huna tena kitu mbele. Ndilo tatizo la plakete za bandia pia. Gundi ni hafifu, na mjini zinaishi mwaka bila kukuonyesha. Ukinunua kwenye vibanda vya piesi vya soko la Kenya, hapa Lubumbashi, piga bamba na kitambaa kwa kucha pale vinapokutana: ufa wowote, rudisha. Kitambaa kiwe na unene wa milimita 3 au zaidi kabla ya siku yenyewe. Plakete mpya zifundishwe kwanza: kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, mara kumi, nguvu ikiongezeka kidogo kidogo, bila kusimama kabisa na bila kuzibana zikiwa moto.

Mkono unaodunda vidoleni ni diski iliyopinda au iliyoshikwa na mabaki ya plakete. Unene wa chini unaoruhusiwa umechongwa kwenye diski yenyewe. Pima kwa mikrometa pale plakete inapogusa, kwa sababu ukingo wa nje hauliki.

Halafu kuna mkono unaokuwa mrefu mara moja tu, baada ya usukani kutikisika au kupita kwenye tuta. Mtikisiko umesukuma plakete mbali na diski. Hapo hakuna kilichoharibika, lakini unaweza kufika kwenye kona huna breki. Jizoeze kugusa mkono kwa kidole kimoja kwenye mnyoosho kabla ya eneo la breki, kila mzunguko, mpaka iwe tabia.

Kwa wenye 125 na 150 za breki ya ngoma nyuma: ngoma ikipata joto hupanuka na kuikimbia liningi, kwa hiyo kanyagio linakuwa refu kadiri kipindi kinavyoendelea. Rekebisha kwenye njugu ya fimbo ya breki ikiwa baridi kwa mchezo wa milimita 20 hadi 30, na usikaze tena ikiwa moto, kwa sababu ikipoa itaendelea kusugua. Kazi ya kusimamisha ifanywe na breki ya mbele.

Tairi linateleza

Upepo wa kandokando ya barabara hauaminiki. Kompresa inajaza vizuri, lakini geji yake imeangushwa mara nyingi mno. Nunua geji yako, na utumie hiyo hiyo moja nyumbani na uwanjani, hata kama inakosea kidogo, kwa sababu unachohitaji ni kulinganisha.

Pikipiki ya michezo yenye matairi ya barabarani hujazwa karibu bar 2.5 mbele na 2.9 nyuma kwa safari. Ukiingia hivyo uwanjani, tairi likipata joto litavimba, sehemu inayogusa lami itapungua, na nyuma itaanza kuchepuka. Sababu ni hesabu ya hewa: kila joto la ndani likipanda nyuzi 10, kipimo kinaongezeka karibu bar 0.1, na kipindi kizito hupandisha bar 0.3 hadi 0.5. Anza na bar 2.1 mbele na nyuma, tairi likiwa baridi, kisha pima tena ndani ya dakika moja baada ya kutoka. Ukikuta karibu 2.4 hadi 2.5, kaa hapo. Likipanda zaidi ya bar 0.5, mara nyingi ulianzia chini mno na tairi linajipinda na kujipasha, ongeza 0.1 uangalie kipindi kinachofuata. Lisipopanda hata 0.2, bado hujalifanyisha kazi, au ulianzia juu mno. Matairi halisi ya mashindano yana vipimo vyake na mara nyingi hutaka kupashwa kwa blanketi la umeme karibu nyuzi 80 kwa muda wa saa moja. Kwa siku ya kwanza usijitwike mzigo huo.

Pima asubuhi, na pima tena saa sita. Juni na Julai, hapa Lubumbashi na huko kusini pia, asubuhi ni ya baridi kali na mchana jua linawaka, na tofauti ya nyuzi 15 tayari ni bar 0.15 ambayo hukuiweka wewe.

Sasa dalili. Likiteleza mizunguko miwili ya kwanza kisha likashika, lilikuwa baridi: nenda taratibu mizunguko hiyo, ukitumia breki na mafuta kwenye mnyoosho ili kulipasha, maana kuyumbayumba kulia na kushoto hakupashi tairi. Likianza vizuri kisha likateleza kuanzia mzunguko wa sita, limezidi joto. Likiteleza upande mmoja tu, tazama kama tairi limeliwa zaidi upande huo, kisha tazama jinsi unavyokaa.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya okasioni (yaliyokwisha kutumika) huja na kashata nzuri na mpira uliokauka. Bonyeza kwa ukucha; usipoacha alama, na ukiona nyufa ndogo kati ya kashata, liache la mjini.

Kwa pikipiki ndogo zenye shambreri ya ndani, usipunguze upepo chini ya kilichoandikwa na mtengenezaji: tairi litateleza juu ya rimu na kung’oa vali. Shambreri yenye kiraka isiingie uwanjani kabisa, kwa kuwa joto hulegeza gundi. Weka mpya, na zungusha gurudumu uone kama vali imesimama wima.

Usukani unatikisika

Mashimo ya mjini ndiyo yanayoandaa hili. Kila shimo hupiga gololi za rulema (beringi) za usukani mahali pale pale, kwa sababu mara nyingi unaenda mbele moja kwa moja, na baada ya muda kunachimbika vijishimo. Inua gurudumu la mbele, sukuma furshi mbele na nyuma: ukihisi “tok”, zimelegea. Kisha zungusha usukani kwa kidole kimoja taratibu kutoka kushoto: ukinasa katikati kama umeingia kwenye tundu, rulema zimekufa, na kukaza hakutasaidia. Badilisha zote mbili pamoja na vikombe vyake.

Ukitikisika unapopunguza mwendo kati ya kilomita 70 na 40 kwa saa ukiwa umelegeza mikono, chanzo kikubwa ni tairi la mbele lililoliwa vibaya au upepo mdogo. Ukitikisika unapotoka kwenye kona kwa mafuta mengi, mbele imekuwa nyepesi, na mara nyingi anayeongeza ubaya ni mwendeshaji anayekamata usukani kama anazama. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, endelea na mafuta yale yale. Kufunga mafuta ghafla kunaupeleka uzito wote mbele na kuzidisha. Pikipiki nzima ikipiga mkia polepole kwa mwendo mkubwa, hapo achana na usukani. Nenda nyuma: rulema za mkono wa gurudumu, njugu ya ekseli, na kile chuma cha kubebea mizigo ambacho hukukitoa.

Kuhusu amotisere (shokamzoba), siku ya kwanza pima kitu kimoja tu. Mtu mmoja ainue pikipiki mpaka matairi yaanze kuwa mepesi, mwingine apime kutoka kwenye ekseli hadi alama iliyo juu. Kisha kaa ukiwa umevaa kila kitu, mpime tena. Tofauti ikiwa milimita 30 hadi 35 mbele na nyuma, iache. Ikizidi 45, bana springi. Skurubu za mwendo wa mafuta ya ndani ya amotisere rudisha kwenye kipimo cha kiwanda, kwa sababu nyingi tunazozikuta zimeshazungushwa na watu watatu bila kuandika.

Injini inakata kwenye mnyoosho, lakini kwenye kona ni nzima

Haipati esansi ya kutosha. Kwenye kona inatumia kidogo na inatosheka. Kwenye mnyoosho inamaliza kilichopo, inakohoa, ukifunga mafuta inajaza, inaamka tena. Kabla ya kugusa karbireta, rudia hali hiyo na ikikohoa fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikifyonzwa na tatizo likaisha, tundu la kupumulia la kifuniko limezibwa na vumbi. Lizibue kwa waya mwembamba na hewa.

Likibaki, fuata njia: robine, filtre, kisha bakuli la karbireta. Esansi ya bidoni za kando ya barabara huja na maji na mchanga. Toa ya chini kidogo kwenye chupa inayoonyesha, iache dakika kumi. Maji yatakaa chini kama kioo. Ukiyaona, mwaga tangi lote. Fungua pia filtre ya hewa, maana ile iliyomaliza kiangazi chetu imejaa unga mwekundu. Ikiwa ya karatasi, kuipuliza kunapanua matundu na kupitisha vumbi, kwa hiyo weka mpya.

Bujia itakueleza kilichobaki. Nyeusi yenye masizi makavu, esansi ni nyingi kuliko hewa. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na karbireta ya kiwandani iliyopangwa kwa pwani hulewa hapa. Nyeupe kama chokaa ni hatari zaidi: esansi ni kidogo, injini inajichoma. Ikiwa ulipunguza jikleri (kitundu cha kupitisha esansi kwenye karbireta) kwa ajili ya hapa na unakwenda uwanja ulio karibu na usawa wa bahari, rudisha ya kiwandani kabla ya kuwasha. Johannesburg iko juu kuliko sisi, kwa hiyo huko hofu hiyo haipo. Pikipiki za sindano, zisizo na karbireta, hujirekebisha zenyewe.

Beba esansi ya kutosha. Pikipiki ya 600 inaweza kumaliza litri 20 hadi 25 kwa siku nzima.

Joto la injini linapanda

Likipanda ukiwa umesimama foleni ya kuingia na kushuka ukikimbia, feni haifanyi kazi: fyuzi, kihisi, au mota yake. Likipanda ukiwa mbioni, hewa ni tele na feni haihusiki. Rejeta imezibwa au maji yamepungua. Matope makavu kati ya mapezi ya rejeta hayaonekani kwa mbele. Yaoshe kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya nguvu ndogo, kwani mashine ya lavaji inalaza mapezi. Maji yakipungua kila mara bila tone chini, na kukiwa na viputo kwenye rejeta injini ikinguruma, jointi ya kichwa imekwisha na safari iahirishwe.

Viwanja vingi hukataza maji ya kijani au mekundu ya rejeta, kwa sababu yakimwagika lami inakuwa sabuni. Uliza mapema, na ikibidi weka maji safi ya kuongezea betri (distilled), siyo asidi yake.

Cheni na gia

Cheni inayokaza sana haipigi kelele, na ndiyo mbaya: inazuia amotisere kushuka na kula rulema ya pinyo (meno ya mbele). Zungusha gurudumu utafute pale inapokaza zaidi, upime hapo. Mchezo wa milimita 25 hadi 35 unafaa nyingi za michezo. Ndogo zifuate kitabu chake. Tofauti kubwa kati ya mahali na mahali ina maana cheni, pinyo na korona (meno ya nyuma) vyote vimekwisha. Gia ikiruka kati ya mbili na tatu kila mara, shusha au pandisha kanyagio kwanza. Buti la uwanjani ni nene kuliko kiatu ulichozoea.

Mwendeshaji mwenyewe anagoma

Mikono ikifa ganzi kipindi cha pili, unaning’inia kwenye usukani wakati wa breki. Bana tangi kwa mapaja ili uzito ushikwe huko. Shusha mkono wa breki mpaka vidole vinyooke sawa na kiganja. Ukitoka nje ya kona kila mara, macho yako yanatazama ukingo uleule unaouogopa. Geuza kidevu kuelekea unakotaka kutokea kabla ya kulaza. Ukikosea saa kumi alasiri mambo uliyoyafanya vizuri saa nne, umekauka maji. Kunywa nusu lita kila baada ya kipindi, kula kidogo kidogo badala ya sahani ya bukari saa sita, na ukihisi kipindi cha mwisho ni cha kujilazimisha, kiache.

Bendera ya njano: punguza, usimpite mtu. Nyekundu: inua mkono, rudi taratibu. Ya njano yenye mistari myekundu: lami inateleza mbele. Nyeusi ikielekezwa kwako: toka ukaonane nao.

Kabla ya kurudi barabarani

Gari likikufikisha, na likikurudisha, pitia bulo zote upya, kwa sababu mtetemo wa safari hulegeza hata zilizokazwa vizuri: ekseli, etriye (nyingi Nm 35 hadi 40), usukani, vikanyagio. Kamba za kufungia zibane furshi nusu ya mwendo wake tu, zisiifikishe mwisho. Ukifika nyumbani rudisha upepo wa safari, bar 2.5 na 2.9 au ulioandikwa kwenye pikipiki yako, tairi likiwa limepoa kabisa. Badilisha oili na filtre yake. Pima plakete tena, maana siku moja ya uwanja hula kile ambacho mji ungekula kwa miezi. Rudisha maji sahihi ya rejeta ili kuzuia kutu, vioo, na utepe utoke kwenye taa kabla giza halijakukuta njiani.